Kura ya Marlys kwenye Bahasha ya Orvil

Huku kwetu Oregon tunapiga kura kwa posta, na jirani yangu Orvil hajalizoea jambo hilo mpaka leo. Kila uchaguzi ukifika anawachosha watu pale mkahawani.

"Kura gani hii ya kulambwa kama stempu? Wezi wanachekelea tu!"

"Mwizi gani aitake kura yako, Orvil?" Dwayne mwenye mkahawa humjibu. "Hata mbwa wako hakubaliani nawe."

Mke wa Orvil, Marlys, anaipenda sana kura hiyo ya posta. Anakaa jikoni na kahawa yake, anasoma kila jina polepole, hakuna wa kumharakisha. Safari hii alikuwa na lake moyoni: kodi ya maktaba, iliyokuwa ikipigiwa kura. Ikipita, maktaba yetu inabaki, ikikataliwa, inafungwa. Na Marlys bila maktaba ni sawa na mimi bila meno. Orvil akaapa hatoi hata senti.

Basi wakajaza kura zao meza moja, huku wanabishana na kusukumiana bahasha. Wakatia sahihi juu ya bahasha, Orvil akaenda kuzitumbukiza posta.

Wiki haijaisha, karani wa uchaguzi akapiga simu. Sahihi za kwenye bahasha hazilingani na zilizo kwenye daftari la wapiga kura.

"Si nilisema!" Orvil akaruka. "Tumeibiwa!"

"Hakuna aliyeiba, mzee. Bahasha yenye jina lako ametia sahihi mkeo, na yenye jina lake umetia wewe. Njooni, kila mtu aitilie sahihi bahasha yenye jina lake, zote zihesabiwe."

Gari lao lilikuwa gereji, kwa hiyo niliwapeleka mimi. Njiani Orvil akaanza kucheka peke yake.

"Marlys, kura yako si imo kwenye bahasha yenye jina langu?"

"Imo."

"Nami nikikataa kutia sahihi?"

"Inatupwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yako imo kwenye bahasha yangu, itahesabiwa, maana mimi nitatia."

"Sasa utie ya nini? Iache nayo ife!"

"Ni kura yako, Orvil. Nikunyang'anye kwa sababu ya vitabu?"

Kicheko kikamkauka. Mimi nikaangalia barabara kama vile sisikii.

Ofisini Marlys alitia sahihi upesi, akarudi nyuma. Orvil akashika kalamu, akaitazama, akamtazama karani, akaitazama tena.

"Kalamu inaandika, mzee," karani akasema.

"Najua inaandika!"

Akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Miaka yote napiga kelele juu ya wezi wa kura," alinung'unika tukitoka, "leo nije niwe mimi?"

Marlys akamnyooshea kola ya shati.

"Lakini hiyo kodi ni upuuzi mtupu!"

"Haya, umeshasema kwenye kura," Marlys akamwambia. "Panda gari."