Maji ya Smikitho

Kazi yangu ni kuwaandikia watu maneno ya kusema mahakamani. Mimi mwenyewe mgeni, mtu wa kisiwa cha Kio. Hapa Athene nimekaa miaka ishirini na mbili, na mbele ya wazee wa baraza sina ruhusa ya kufungua mdomo. Naandika, mteja anakariri, halafu mimi nasimama nje ya uzio nikiuma kucha.

Smikitho, mkulima wa vitunguu, alifutwa kwenye orodha ya raia wa mtaa wake. Mkuu wa mtaa, Evergo, alikuwa na kinyongo naye tangu walipogombania mpaka wa shamba, akawashawishi wenzake kwamba baba yake Smikitho hakuwa Mwathene. Smikitho akakata rufaa. Akishinda, anarudi nyumbani raia. Akishindwa, anauzwa utumwani.

"Mwalimu, kichwa changu kizito," aliniambia. "Niandikie kila neno. Nisichoandikiwa sikisemi."

Nikamwandikia. Siku kumi na mbili akawa anavihubiria vitunguu vyake.

Siku ya kesi Evergo alitangulia, akamwaga sumu mpaka mtungi wa maji wa kupimia muda ukakauka. Mtumishi akaujaza tena kwa ajili ya Smikitho, akauzibua. Mteja wangu alianza vizuri, jamani! Sauti ilitetemeka palepale nilipotaka itetemeke.

"Paza sauti, bwana! Huku nyuma hatusikii!" wazee wakafoka. Akaipaza. Akafika kwenye mashahidi: "Karani, soma ushahidi wa binamu wa baba yangu."

Karani akaanza kusoma. Maji yakaendelea kutiririka.

Ushahidi unaposomwa, msemaji humwambia mtumishi, "Zuia maji," na mtungi huzibwa mpaka karani amalize. Hilo sikuliandika. Nani anaandika jambo linalojulikana na kila mtu? Lakini Smikitho hakuwahi kukanyaga mahakamani. Raia wenzake walipokwenda kuhukumu kesi, yeye alikuwa analima. Nikapiga kelele, "Smikitho, maji! Maji!" Mlinzi akanisukuma kifuani kwa fimbo.

Binamu walikuwa watano, na karani alisoma kama mtu anayetafuna nyama ngumu. Alipomaliza wa tano, mtungi ulikuwa mkavu. Habari za kaburi la baba yake, za vita alivyopigana, zote zilikuwa bado kichwani mwa Smikitho. Akafungua mdomo. Mtumishi akatikisa kichwa.

Evergo zamu yake ilikwisha, lakini aliwageukia wazee wa benchi la mbele akicheka. "Mwathene gani huyu, hata kuzuia maji hajui?"

Kicheko kikapita benchi hadi benchi. Kura mia moja na tisini zilimkubali, mia tatu na kumi na moja zikamkataa.

Walimpitisha karibu na uzio, mikono imefungwa. Nilitaka kujificha, lakini nikabaki palepale. Hakuwa na hasira nami hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwalimu," aliniuliza, "nilikosea neno gani?"

"Hukukosea," nikamwambia. "Ulisema kila nilichoandika."