Nyumbani Mnamleaje

...nyumbani mnamleaje, Mzee Mansuetus, ameniuliza Mwalimu Mkuu, Madam Vitalia, taratibu tu, huku akinisogezea kalamu juu ya karatasi ya kumsimamisha binti yangu Ephrasia masomo wiki tatu, na mimi naangalia mikono yangu, mnamleaje, swali gani hilo, namlea kama nilivyolelewa, kwa fimbo, nani hapa kijijini Mapera asiyejua kwamba watoto wa Mansuetus wana adabu, wanaoharibika ni wale wa kudekezwa, lakini aliyemmwagia mwenzake uji wa moto ni huyu wangu... "Edina alimcheka kwenye foleni ya uji, basi, hakufikiri hata kidogo," mwalimu anaendelea, mkono wa Edina umebabuka mpaka kwenye kiwiko, wamemkimbiza hospitali, mtoto wa watu, na huyu wangu kasimama hapa pembeni yangu, miaka kumi na tano, halii, ngoja tufike nyumbani, nitamwonyesha... nitamwonyesha nini ambacho hajakiona, mwaka jana mvua ililowesha kahawa iliyoanikwa kwenye chanja, nikamkuta jikoni badala ya kuianua, nikampiga kabla hajafungua mdomo, mama yake, Albina, akaita kutoka chumbani, sauti ya homa, Baba Ephrasia, muulize kwanza, mimi ndiye niliyemtuma maji ya moto, nami nikasema mtoto haulizwi, nikaongeza viboko viwili... "Mzee, unanisikia?" nakusikia, mwalimu, hata mimi siku ile sikufikiri, mkono ulitangulia, nilijua kabisa Albina anasema kweli na bado nikaongeza viwili... nanyoosha mkono kuchukua kalamu, Ephrasia anaruka nyuma, anajifunika uso kwa viwiko, mbele ya mwalimu, kalamu tu hii, mwanangu, nachukua kalamu tu... mwalimu ametazama dirishani, ananisitiri, na mimi masikio yanachoma, miaka yote hii nilijisifu kanisani kwamba ananiheshimu... "Nyumbani mnamleaje, mzee?" anarudia, pa kuweka sahihi bado peupe, nataka nimgeukie binti yangu nimuulize, Edina alikucheka nini, maneno machache tu, nayajaribu moyoni kwa Kimatengo, nayajaribu kwa Kiswahili, hayatoki, maana sasa nimeona chini ya sketi yake, kwenye mashavu ya miguu, mistari ya fimbo niliyompiga Jumapili, foleni nzima iliiona, na nikimuuliza, atanijibu.