Mtunza Nyumba wa Tabora

Kaka yangu Thani anaweza kulizungumza jambo linalowaka moto kama anayezungumzia hali ya hewa. Ndivyo alivyozaliwa, na kazi ya wizarani, hapa Al Khuwair, Maskati, imemzidisha. Nilipomwambia kwamba nyumba ya baba Tabora itapigwa mnada kwa kodi ya majengo, alikoroga chai yake kwanza. Halafu akasema, "Tutaangalia."

Hasira yangu ya mwaka ule wa 1999 ilianzia kwenye neno hilo.

Nieleze kidogo. Mama yetu, Bi Rahila, alikuja Maskati na sisi watoto watatu tukiwa wadogo. Baba akabaki Tabora kumaliza mambo ya duka, na mambo ya duka hayakwisha upesi. Katika kuyamaliza akaoa, akapata mtoto wa kike, akamwita Zakiya. Alipotufuata hatimaye, aliwaacha mtoto na mama yake katika nyumba ile. Siri hiyo alimwachia Thani alipokuwa mahututi, Thani akatuambia mimi na Yaqoob, na palepale akatufunga midomo. Tangu hapo, mbele ya mama na mbele ya kila mtu wa Tabora aliyehamia huku, Zakiya akawa ni mtunza nyumba.

Mimi pia nimelelewa kusitiri. Ila nilikuwa sielewi, na mpaka leo sielewi, tulikuwa tunasitiri nini. Baba hakuiba. Alioa kwa kadhi, na mtoto ni wa ndoa.

Zakiya mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, kutoka dukani kwa jirani yao. Alikuwa akifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine, na tangu mama yake afariki alikuwa peke yake katika nyumba ile.

"Dada Buthaina, kodi haijalipwa tangu baba alipofariki," alisema. "Wamebandika tangazo la mnada mlangoni."

"Wanasema tufanyeje?"

Afisa wa kodi, kumbe, alikuwa mtu muungwana. Alimweleza kila njia iliyopo. Tunaweza kulipa malimbikizo yote kwa mkupuo. Tunaweza kuiuza nyumba wenyewe kabla ya mnada, tukatoa deni na kuchukua kinachobaki. Au mwenye nyumba, au mtoto wake, aende ofisini na majirani wawili wa kumshuhudia, atie sahihi ya kulipa kidogo kidogo, na mnada usimame.

Kulipa kwa mkupuo hatukuweza. Bei ya mafuta ilikuwa imeanguka, duka la vitambaa la Yaqoob pale Matrah lilikuwa linauza kwa mkopo tu, na Thani alikuwa anajenga Al Amerat, nyumba imefika nusu ukuta. Kuuza wenyewe kulitaka mirathi igawanywe, na mirathi ya baba ilikuwa haijaguswa kwa sababu ileile: ukigawa, lazima utaje watoto wote. Na tukiuza, Zakiya alale wapi? Ikabaki ile njia ya tatu, ambayo ilikuwa rahisi kama kunywa maji.

"Basi nenda wewe," nikamwambia. "Majirani wote si wanajua baba yako ni nani?"

Nikamsikia akimwomba mwenye duka amwongezee dakika.

"Kaka Thani alinikataza nisijitaje," akasema. "Nikienda kinyume naye, mtagombana kwa ajili yangu. Aseme yeye, nitakwenda leo hii."

Nikamfuata Thani nyumbani kwake, tumbo mbele, maana nilikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alishanikataza ndege. Yaqoob alikuwa ameketi naye.

"Mpe ruhusa aseme," nikamwambia. "Neno moja tu. Atasema ni binti wa mwenye nyumba, basi."

"Na majirani wawili wakashuhudie ofisini?" Thani akauliza. "Buthaina, wewe huwajui watu wetu? Akisema Tabora asubuhi, jioni wanalizungumza harusini huku Seeb. Mama ana presha. Wataka kumuua?"

"Na Zakiya akitupwa nje?"

"Hatupwi. Nitakwenda mwenyewe, mie pia ni mtoto wa mwenye nyumba. Nnaomba ruhusa kazini wiki hii, inshallah."

Nikamtazama Yaqoob. "Mie namfuata kaka," akasema, na akaokota tende.

Thani kweli aliomba ruhusa, sitaki kumsingizia. Akapewa, ikafutwa kwa sababu ya kamati. Akaomba tena, safari hii mkuu wake akasafiri kabla ya kutia sahihi. Kila nikimpigia simu ananijibu kwa upole uleule, mpaka nikawa natamani anitukane. Nilimwambia kama wewe huwezi kwenda, Yaqoob hawezi kufunga duka, na mimi siwezi kupanda ndege, yupo mtoto mwingine wa mwenye nyumba aliye mtaa wa pili na ofisi yenyewe. Akasema, "Tuvute subira." Nilikata simu bila kuaga.

Nikajaribu kwa mama mwenyewe. Mara ya kwanza nilianza, "Mama, kuna jambo la Tabora," akaniambia nikazime jiko, biriani inaungua. Mara ya pili nilisema, "Yule Zakiya anayekaa kwenye nyumba," akauliza kama nimeshapata jina la mtoto. Nikaona presha inampanda kweli, au nikadhani nimeona, nikanyamaza.

Mnada ukafika Thani akiwa bado anavuta subira yake. Zakiya alinisimulia baadaye kwa sauti ya kawaida kabisa. Asubuhi ya siku yenyewe alikwenda ofisini kumbembeleza afisa awangoje kaka zake. Afisa alimhurumia. Akamwambia, "Mimi nasikia mtaani kwamba wewe ni binti wa marehemu. Niambie ndiyo tu, mashahidi nitawaita mimi." Karani alikuwa ameshashika kalamu.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia mimi ni mtunza nyumba."

Nyumba ikanunuliwa na mwenye mashine ya kusaga ya mtaa ule. Zakiya akahamia chumba cha uani kwa yule jirani mwenye duka, yeye na mashine yake ya masweta. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, huzuni ilikuwa bado haijapata nafasi.

Ijumaa iliyofuata tulikula kwa mama kama kawaida. Mama alikuwa amekwenda kunawa, na Thani akatumia upenyo huo kuniletea suluhisho lake. Alikuwa ameulizia kwa watu wa viza. Kumleta Zakiya kama ndugu kunataka ushahidi wa damu, na maswali mengi. Lakini viza ya khaddama ni rahisi. Angekuja kwa jina la mtumishi wa nyumbani, akae kwake, asifanyishwe kazi yoyote. "Wallahi hata sahani hatoosha," akasema. Alikuwa na furaha. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Nilisimama. Kwa tumbo lile kusimama si jambo dogo.

"Baba yako amezaa mtumishi?" nikamwambia. "Umemnyima jina akakosa nyumba, sasa wataka aje akuite bwana? Yule ni dada yako, Thani. Ni mtoto wa baba yetu kama mimi."

Sikupunguza sauti. Mama alikuwa mlangoni, mikono inachuruzika maji.

Thani akaruka kumshika, na Yaqoob akatafuta dawa ya presha. Mama akawasukuma wote wawili, akaenda kukaa mahala pake.

"Nnajua," akasema. "Nnajua toka alipozaliwa. Tabora nzima ilijua, mie nani asinambie?"

"Sasa mbona hukusema?" Thani akauliza. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia sauti yake ikipasuka.

"Nlikuwa sitaki mnambie. Maadam hamjanambia, nlikuwa silazimiki na kitu. Mkishanambia itanibidi nimwite mwanangu, na nlikuwa siwezi. Kila mwaka nasema, mwaka huu ntaweza." Alijifuta mikono kwa kanga, taratibu. "Mnada nao nliusikia kwa watu. Huko ofisini walimuuliza?"

"Walimuuliza," nikasema. "Akajikana. Kwa ajili yako."

Nilitaka limchome, na lilimchoma. Aliisogeza sahani yake pembeni. Kisha akamwambia Thani ampigie Zakiya, nami nikamtajia ile namba ya dukani. Tuliisikia simu ikilia, mwenye duka akapokea, akapaza sauti kumwita Zakiya uani. Thani akampa mama mkono wa simu, na mimi nikasogea mpaka sikio langu likagusana na lake.

"Haloo," Zakiya akasema.

"Zakiya? Mie Rahila, mwanangu. Mke wa baba yako."

Nilisikia kuku, na mtu akiulizia chumvi.

"Shikamoo, mama," Zakiya akasema. "Nadhani umekosea namba. Mimi nilikuwa mtunza nyumba tu, sina watu Maskati."

Akaiweka simu chini. Tulipiga tena, na mwenye duka akatuambia kwamba ametoka.