Gobore na Jicho la Kulia

Sikutaka gobore. Nilitaka kulala. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye kibanda cha kreni, akinyanyua magogo tangu asubuhi hadi jioni, ukimpa likizo ya wiki tatu hafikirii nguruwe pori, anafikiria kitanda. Lakini shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameuandaa msimu ule wa kuwinda kama watu wanavyoandaa harusi. Kibali changu alikifuatilia yeye. Mahali pa kulala porini alipatafuta yeye. Kilichobaki ni bunduki tu, na mtu akikuhangaikia kwa furaha ya namna ile, kumkatalia ni kumtukana.

Tena nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Jicho langu la kulia halioni. Lilianza na ukungu pembeni, ukungu ukasogea katikati, ukakaa. Daktari niliyemwendea kwa siri aliniambia kuwa mshipa wa nyuma ya jicho umekufa na hautafufuka. Naona mwanga, naona kivuli, basi. Ulikuwa mwaka na nusu sasa. Na kazini jina langu ni Mwewe, kwa sababu ya macho! Kila mwaka muuguzi wa kampuni hutupima kwa ubao uleule wa herufi, ukutani palepale, nami herufi zile nilikwisha kuzikariri kama sala. Ilikuwa imebaki miaka miwili nistaafu. Nilijiambia miaka miwili si kitu.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningesema heri liwalo na liwe. Lakini anayesimama chini ya kreni yangu, akifunga minyororo kwenye magogo na kunielekeza kwa mikono, ni shemeji huyohuyo. Jicho moja huliona gogo vizuri sana. Umbali ndio haliujui. Miezi minne kabla ya siku ninayoisimulia, nilishusha gogo nikidhani bado liko juu kabisa, kumbe limeshamfikia. Lilimkwaruza bega likamwangusha. Msimamizi wa yadi alipouliza, shemeji alijibu mwenyewe, bila kusukumwa: "Nadhani nilitoa ishara mbaya." Wakamwandikia barua ya onyo. Mimi nilijitia hamnazo kule juu, kisha nikashuka ngazi polepole, na nilipofika chini nilimpa pole. Pole! Hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Basi alipoleta habari za kuwinda nikapiga hesabu ya kijinga. Kazi pekee duniani ambayo mtu hufumba jicho moja kwa hiari yake ni kulenga shabaha. Nikikataa, ataniuliza sababu. Nikikubali, nani atajua? Uchovu ukimzidi mtu, ujinga wake anauona akili.

Fundi wa bunduki alikuwa na chumba kirefu nyuma ya duka la baiskeli. Mlango mmoja wa ubavuni, dirisha moja dogo, harufu ya mafuta ya mashine na mbao iliyorandwa. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio mazito, akiongea kwa sauti kubwa kana kwamba viziwi ni sisi. Alitandika blanketi kuukuu mezani akalaza juu yake magobore matatu, na kabla hatujagusa chochote akachukua mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia baruti, akautumbukiza kwenye mtutu wa la kwanza.

"Gobore halisemi kama limeshiba au lina njaa," alisema. "Unaliuliza kwa huu. Ukizama mpaka kwenye alama hii, tupu. Ukibaki juu ya alama, humo ndani kuna kitu. Na hata likiwa tupu, mtutu hauelekezwi kwa mtu. Hapa kwangu ukimwelekezea mtu, unatoka, na usirudi tena."

"Amesikia, fundi," shemeji alisema. "Huyu ni mtu makini. Mimi mwenyewe roho yangu iko mikononi mwake kila siku."

Nikajifanya natazama kitako.

Shemeji alishika lile refu kuliko yote. "Hili linafika mbali."

"Mbali wapi, kijana wangu?" Shemeji ana miaka arobaini na minane. "Kichakani nguruwe utamwona akiwa hapo ulipo wewe. Refu hivyo litakamata kila tawi. Na gobore lina neno moja tu. Ukilisema vibaya, mpaka umalize kushindilia la pili, mnyama ameshafika kwa shangazi yake anamsimulia."

Tulicheka, hata mimi. La pili lilikuwa jepesi, raha kubeba, lakini fundi alisema wepesi huo bega ndilo hulipia, maana teke lake ni la punda. La tatu lilikuwa fupi, nene, zito kidogo. Aliniambia nikunje mkono, akaweka kitako kwenye kiwiko, akatazama kidole changu kinafika wapi. Kikatua kwenye kifyatuo chenyewe.

"Hili limekupima kabla hujaja," alisema.

Nakiri lilinipendeza. Mbao yake ilikuwa imeshikwa na watu wengi hadi ikalainika, na nyundo yake ilivutika nyuma kwa mlio mdogo mzito. Kwa muda mfupi niliyaona mapumziko: asubuhi, nyasi zenye umande, hakuna kengele ya kazi, hakuna mtu chini yangu. Nikaliinua begani.

"Shingo!" fundi alipaza sauti. "Mbona unailaza shingo juu ya mbao kama unachungulia kisima?"

Nilikuwa naitafuta ncha ya mtutu kwa jicho la kushoto, huku gobore liko bega la kulia. Nilikuwa sijawahi kushika bunduki maishani. Jambo ambalo kila mwindaji hulijua, kwamba bega na jicho ni upande mmoja, mimi nililijua pale, mbele ya watu.

Fundi aliniambia niweke gobore chini. Akanifundisha kuunganisha viganja nikiacha tundu dogo katikati, ninyooshe mikono, niitazame pua yake kupitia tundu lile. Nikafanya. Akatazama ni jicho gani linaloonekana upande wake.

"La kushoto," alisema. "Usihofu, wapo wengi. Mkono wa kulia, jicho la kushoto. Dawa ni mbili. Kuna gobore hapa ndani lenye nyundo upande wa kushoto, ukaanze kujifunza kushika kama mtu wa mashoto. Au tunaliziba jicho la kushoto, tunalifundisha hili la kulia kazi."

Nikaona nimeokoka, nikafungua mdomo kusema atuletee hilo la kushoto. Shemeji akaniwahi.

"La kulia lifundishwe! Fundi, wewe jicho la huyu hulijui. Nikiwa chini kule, yeye yuko juu kama ghorofa, nikikunja kidole kimoja anaona. Watu wanamwita Mwewe."

Fundi alikwishatoa miwani ya karakana yenye karatasi iliyobandikwa kioo cha kushoto. Akaniambia nilenge kisahani cha bati kilichotundikwa kwenye msumari, ukuta wa mwisho.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Niliogopa. Niliogopa kama mtoto aliyevunja chombo cha wageni, na nilikuwa nimechoka kuogopa, na kwa uchovu huohuo nikaona rahisi kuendelea. Nikavaa miwani, nikaliinua gobore tena. Dunia ikawa maziwa. Nikageuza mtutu taratibu nikitafuta kitu chochote, hadi nikaona mwanga, na katikati ya mwanga doa jeusi la mviringo. Nikashukuru Mungu.

"Nimekipata," nikasema. "Kiko katikati kabisa."

Kisha mkono wa fundi ukaushika mtutu na kuupandisha juu darini, polepole. Nikavua miwani. Kisahani kilikuwa ukutani, hatua nne kushoto kwangu. Mbele yangu ulikuwa mlango wa ubavuni, na katika mlango, dhidi ya mwanga wa nje, alisimama shemeji na simu yake mkononi. Nilikuwa nimelenga kichwa chake.

"Huyu haoni," fundi alisema, kwa sauti yake ileile, hadi wa duka la baiskeli wakasikia.

Shemeji hakusogea. "Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi begani. "Gogo lile?"

"Ndiyo. Ishara yako ilikuwa sawa. Ni mimi."

Alikaa juu ya kreti iliyokuwa hapo mlangoni. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Miezi minne," alisema. "Kila asubuhi kabla sijatoka nasimama mbele ya kioo. Juu. Shusha. Simama. Juu. Shusha. Simama. Mke wangu ananicheka. Nilikuwa natafuta nilipokosea."

Mtu anaweza kuishi na siri yake. Lakini kumwona mwenzako anavyoishi nayo bila kuijua, hilo sina neno lake. Nililaza gobore kwenye blanketi. Nikatoa simu, nikampigia msimamizi wa yadi, pale pale, nikiwa nimesimama ili nisipate nafasi ya kufikiri.

Nilimwambia kila kitu: jicho, ubao wa herufi, gogo. Nikamwambia barua ya shemeji aifute.

"Umechoka tu, Mwewe," alijibu. "Lala. Barua ni karatasi, nani anaisoma? Likizo ikiisha urudi, sina mtu mwingine wa kupanda."

"Sioni."

"Umefanya kazi mwaka na nusu huoni, na yadi haijaanguka. Usinitafutie balaa."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayohayo mimi mwenyewe, kitandani, mara nyingi. Kuyasikia yakitoka kwa mtu mwingine kulinichefua.

"Sawa," nikasema. "Siku nitakayopanda, shemeji abaki nyumbani. Uje wewe usimame chini."

Nyuma yake nilisikia msumeno wa yadi ukiuma mbao, ukimaliza, ukiuma nyingine.

"Usipande," alisema hatimaye. "Kesho njoo ofisini. Njoo na cheti cha daktari."

"Na barua?"

"Nitaifuta. Njoo."

Fundi alikuwa akiyafunika magobore moja moja, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Lile la kushoto litakuwepo," alisema. "Mkilitaka."

Sikujua amemwambia nani kati yetu. Nikamwendea shemeji pale kwenye kreti. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote ile, jua, mvua, zamu mbili mfululizo, hajawahi kukaa kabla kazi haijaisha. Ni yeye aliyekuwa akinitania mimi kwa kuzeeka kabla ya wakati.

"Shemeji," nikasema, "naomba un..."

Aliinua mkono wake, kiganja wazi, kimenielekea. Simama. Ishara haikuwa na kosa lolote.

"Leo usiniombe radhi," alisema. "Leo nimechoka."