Swali Nililoshindwa Kumjibia Mdogo Wangu

Mdogo wangu Anaclet aliponusurika kufungwa kamba na kupelekwa Bunyakiri, nilimshukuru Mungu kwanza, kisha Maman Cibalonza. Siku nyingine nageuza huo mpangilio, na Mungu hajanigombeza bado.

Anaclet ni jina la ubatizo. Miaka ile serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya namna hiyo, lakini serikali haikuwa ikila nyumbani kwetu Kadutu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Surua ilipomuua binti yake Colombe, aliacha kufundisha. Kila jioni alikaa nyuma ya nyumba akizungumza na marehemu. "Colombe, umekula? Colombe, vaa triko, baridi inashuka."

Muuguzi wa zahanati aliuliza kama anaongea na wafu. Nikasema ndiyo. Basi, akasema, ni wazimu. Tonton Bulonza, ndugu ya mama yetu, akatafuta gari la kumpeleka kwa mganga mmoja wa Bunyakiri, aliyefunga wagonjwa kwenye nguzo mpaka pepo watoke. Namjua mmoja aliyerudi kutoka kule na makovu ya kamba, pepo wake wote wakiwa salama. Nikaomba nipewe siku moja tu. Nikamshika Anaclet mkono mpaka Ibanda, kwa Maman Cibalonza, mwanasaikolojia aliyesomea Kisangani.

Kwetu mgonjwa kazi yake ni kuumwa. Anayejibu ni mkubwa wake. Kwa hiyo nilikaa mbele.

"Usiku unalalaka?" Maman Cibalonza alimuuliza Anaclet.

"Halalake," nikasema.

"Bugali unakulaka?"

"Anaangaliaka tu."

Aliuliza mengi: homa, pombe, kama aliwahi kuanguka na kuumia kichwa, kama kuna mwenye wazimu katika ukoo. Hapo nilitaka kusimama, niondoke. Akamwambia achore mtu, ataje siku ya leo, ahesabu kurudi nyuma. Hesabu zenyewe nilimnong'oneza, tena vibaya. Hakunifukuza. Mungu amzidishie maisha kwa uvumilivu ule, maana mimi ningejifukuza.

Mwishowe akasogeza kiti karibu na Anaclet.

"Papa Anaclet, ukisemeshaka Colombe, yeye anakurudishiaka sauti?"

Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Jioni zote zile nilimsikia akiuliza, wala sikuwahi kujiuliza kama anajibiwa. Kwa mara ya kwanza nikamgeukia mdogo wangu, nimsikie.

"Hapana, maman," Anaclet alisema. Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kujibu walio hai. "Hata siku moja. Ninajua alikufa, ni mimi nilimuzika. Njo maana ninaliaka."

Nililia kabla yake.

Maman Cibalonza alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha akatuambia sote wawili, "Jibu moja halitoshe. Atarudia hapa kila juma, na docteur atamupima damu. Lakini huyu anajua siku, anajua kifo, anajua nani hamujibu. Ile haiko wazimu. Ni huzuni, imekuwa ugonjwa. Ugonjwa ule unaponaka. Lakini kamba haiponeshake huzuni."

Nilimbusu mikono. Aliona haya, lakini sikumwachia.

Tonton Bulonza alikuwa akitungoja barabarani, mlango wa gari wazi. Akaniuliza mimi, "Basi? Amesema nini?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Anaclet alimtazama mjomba wetu, nami nikajiuma ulimi nisimsaidie.

"Tonton, siko na wazimu," alisema. "Niko na mutoto mwenye alikufa."

Tonton Bulonza akavua kofia. Gari lile, kwa kuwa esansi ya safari ya Bunyakiri ilikuwa imeshanunuliwa, likatupeleka nyumbani Kadutu.