Konde la Bi Hadia Limelala

Uliliona tangazo la ardhi kwenye mlango wa ofisi pale Faza, ukageuza uso kama mtu anayemkwepa jirani. Basi sikiliza.

Jumanne, saa tatu asubuhi, afisa wa ardhi Chelangat alishuka kwenye pikipiki na fomu yake. Ilikuwa na visanduku viwili: shamba linalolimwa, ardhi tupu. Konde la Bi Hadia lilikuwa likipumzika mwaka wa pili, na lilikuwa likikoroma. Majirani walipita viatu mkononi, kama ilivyo ada.

"Hapa ni tupu," alisema Chelangat, amesimama katikati. Konde likavuta pumzi, likamwinua shubiri mbili, likamshusha. Hakuhisi kitu. Neno lake hakuwa nalo.

Wasomi wa kale wa ng'ambo walibishana miaka na miaka kama mtu huweza kukiwazia kitu kisicho na jina. Wangekuja Faza.

"Shusha sauti, mwanangu," Bi Hadia alinong'ona. "Konde lilele."

"Lilele ndiyo nini, Mama?"

"Limelala. Wewe ukilala, twakuandika maiti?"

Chelangat akacheka, akalirudia neno: lilele. Papo hapo akayumba, akausikia mkoromo, akavua viatu. Akauambia udongo pole. Bi Hadia akampenda. Akamletea kaimati na chai ya tangawizi, wakanywa wakipanda na kushuka, lisimwagike hata tone.

Jirani mmoja, Taha, akaja akinyata. "Bi Hadia, piga jembe mistari miwili tu, aandike linalimwa."

"Likiamshwa kabla ya mwaka wa tatu halilali tena, na simsim yake huwa chungu daima. Konde la babako lilikuwaje?"

Taha, aliyekua akila simsim chungu, akarudi akinyata.

Chelangat akaigeuza fomu mbele na nyuma akitafuta kisanduku cha tatu. Hakikuwepo. Akatia alama kwenye "tupu", polepole, kalamu isikwaruze. Na ardhi tupu hugawiwa wengine. Makonde yetu ya bara yaliandikwa neno lilo hilo, sisi hatujasahau.

Muda wa kupinga unakwisha Alhamisi, saa kumi alasiri. Sasa neno unalo, na mkoromo unausikia. Nenda ofisini, katie saini pingamizi. Ukipita kwa Bi Hadia, viatu mkononi. Amka wewe, lile liache lilale.