Namba Mia Tisa

Kwa miaka thelathini na moja Rogathe aliishi na swali moja, na mwenye jibu alipofariki, swali lilibaki nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Mumewe, Zephania, alikuwa fundi redio pale Mbaga, na Jumapili alipiga saksafoni kwenye matarumbeta ya usharika. Nyimbo za kanisani alizipiga kwa adabu, noti kwa noti, na watu walimpenda. Lakini alikuwa na upigaji wake mwingine. Jioni, kabla hata ya kula, alipanda na saksafoni hadi kwenye jabali lililo juu ya shamba, na huko akapiga kitu kisichokuwa na wimbo. Kilianza chini kwa mkoromo, kikapanda ghafla hadi pale panapotoboa masikio, kikakatika, kikaanza tena kwa upande mwingine kabisa. Mbuzi walikata kamba. Majirani waliita jambo hilo ugonjwa wa Zephania, wakamwombea.

Ugonjwa wenyewe aliupata redioni. Siku moja, akijaribu redio aliyotoka kuitengeneza, alinasa kituo cha mbali sana akasikia mtu anapuliza saksafoni bila kufuata njia yoyote. Mtangazaji akasema hiyo ni jazi. Zephania alikaa na bisibisi mkononi mpaka kituo kikapotea, na tangu siku hiyo hakupona.

Rogathe alikuwa chini, akipalilia tangawizi au akichochea makande, na alichosikia yeye ni kilio. Mlio ule ulipoteremka na upepo ulikuwa wa mtu anayelia. Na kwa kuwa Mungu hakuwajalia mtoto, na mawifi walikuwa wamekwisha kusema ya kusema, alijua kinacholiliwa ni nini. Mara moja tu alimuuliza.

"Mwenzangu, unalia nini kule juu?"

"Silii, mke wangu," Zephania alijibu, akanawa mikono, akala.

Hakumwamini. Wala hakuwahi kupanda jabalini ahakikishe, maana anayeliogopa jibu halifuati.

Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu wamzike, na ukoo umepanga ibada ya shukrani ya kumaliza msiba. Rogathe hakuomba mengi. Aliomba saksafoni ipigwe siku hiyo kama marehemu alivyokuwa akiipiga jabalini. Hakumwambia mtu sababu. Alitaka kuusikia mlio ule kwa karibu, mara moja tu, ajue kama miaka yote ile aliishi na mtu aliyekuwa na huzuni kwa ajili yake.

Basi akaifunga saksafoni kwa kitenge, akaibeba mgongoni, akashuka Same kwa gari la alfajiri.

Karibu na stendi, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la mabati, hukaa wapiga matarumbeta wa harusi wakisubiri kuitwa. Mkubwa wao ni Abdulmalik, mtu wa kijiji cha Kisiwani, mwenye mashavu yaliyolegea kwa kupuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Abdulmalik?"

"Ndiye mimi. Harusi ni lini?"

"Si harusi. Ni shukrani ya kumaliza msiba. Nataka upige kama alivyokuwa anapiga marehemu mume wangu."

"Pole sana, mama. Alikuwa anapiga nini?"

"Jazi."

Wakachangamka wote. Mpiga ngoma wao, kijeba mmoja aitwaye Chande, akasimama kabisa. "Jazi! Mama, umefika kwa wenyewe!"

Kwa mtu wa Same, kama ilivyo kwa wengi nchini, jazi ni bendi ya dansi: magitaa matatu, wazee waliochomekea, na akina mama wanaozunguka taratibu kwenye sakafu ya saruji. Abdulmalik akaifungua saksafoni ya marehemu, akakilowesha kwa ulimi kile kipande cha mwanzi cha mdomoni, akaporomosha rumba ya zamani, tamu kama asali. Muuza maji akaweka ndoo chini akacheza. Rogathe akasubiri kwa heshima mpaka ikaisha.

"Nzuri, mwanangu. Ila siyo."

Akapiga nyingine.

"Hata hiyo siyo."

"Sasa mama, jazi ya mzee ilikuwa inakwendaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wimbo unaweza kuuguna kidogo mtu akaudaka. Kisicho na wimbo utakionyeshaje? Rogathe akatazama kulia, akatazama kushoto. Yeye ni mtu wa kwaya ya akina mama, anayesimama mstari wa nyuma, ambaye hata akiulizwa jambo mkutanoni hujibu kwa kutikisa kichwa. Akafumba macho, akavuta pumzi, akautoa ule mlio. Ulianza kooni kwa mkoromo, ukapanda, ukapasuka, ukashuka kwa mikato mikato, gwa, gwa, gwa, kisha ukaruka tena juu na kubaki huko, mwembamba na mrefu, mpaka bajaji iliyokuwa inapita ikasimama.

 Halafu Chande akajishika mbavu. "Mama, huyo alikuwa mume au fisi?"

"Chande, koma," Abdulmalik akasema. Yeye hakucheka. "Mama, rudia ule mwisho."

Akarudia. Abdulmalik akaufuata kwa saksafoni. Akarudia tena, akafuatwa tena. Walikaa hapo karibu saa nzima, mama anapiga kelele na saksafoni inamjibu, na watu wamesimama kando kana kwamba kuna ajali. Milio ile yote Abdulmalik aliipata, ya chini na ya juu. Lakini ilikuwa kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya jirani.

"Niambie, mama," akasema akifuta jasho, "moyoni mwake alikuwa na nini? Nikilijua hilo labda nitafika."

Rogathe akainamisha kichwa. "Alikuwa analia. Hatukupata mtoto."

Abdulmalik akaifuta saksafoni kwa kiganja. "Basi nimeelewa," akasema kwa upole. "Niachie niifanyie mazoezi. Nitakuja nikupigie kilio."

Ratiba ya ibada ilikuwa mikononi mwa mzee wa kanisa, Eliezeri. Huyu ni mtu wa namba. Nyimbo zote za kitabuni anazijua kwa namba zake, na ukikutana naye njiani ukamwambia umechoka, anakutajia namba, uende nyumbani ukaimbe. Alifika kwa Rogathe siku mbili kabla ya ibada, kalamu sikioni, akamkuta anachambua mahindi ya makande.

"Hapa penye saksafoni, namba ngapi?"

"Haina namba, mzee."

"Rogathe, kila wimbo una namba yake."

"Siyo wimbo."

"Kama siyo wimbo, kwenye ratiba kinatafuta nini?"

"Mzee Eliezeri, nina mahindi hapa."

"Nami nina ratiba. Mchungaji anaitaka leo. Namba ngapi?"

"Andika mia tisa," Rogathe akasema, ili aondoke.

Eliezeri akaishusha kalamu. Akafikiri kidogo. Kitabu cha nyimbo hakifiki huko, hata karibu. Lakini mtu aliyesifiwa miaka arobaini kwa kuzijua namba zote hawezi kusimama mbele ya mwanamke mwenye ungo akakiri kwamba ipo moja asiyoijua.

"Mia tisa," akasema, akitikisa kichwa kwa kuafiki. "Naam. Ule ni mzuri."

Akaandika.

Jumamosi ukungu uliwahi kuondoka. Uwanja wa nyumba ulijaa watu, matarumbeta ya usharika yakapangwa chini ya mparachichi, na jikoni masufuria yalikuwa yanachemka kwa fujo. Abdulmalik alikuja amevaa suti ya bluu na kofia nyeupe. Wifi yake Rogathe, Priska, dada mkubwa wa marehemu, ambaye masikio yamepungua na mdomo haujapungua, akampokea.

"Ustaadhi, leo usipopiga vizuri tunakubatiza!"

"Mkinibatiza mtanilisha maisha yangu yote, mama. Makande yenu yananukia hadi Kisiwani."

"Kula utakula. Kwanza puliza."

Ibada ikaenda vizuri. Neno likasomwa, kwaya ikaimba, matarumbeta yakalia. Ndipo Eliezeri akasimama, akakohoa.

"Sasa tutasikiliza saksafoni. Namba mia tisa. Wapendwa, tufungue vitabu vyetu."

Rogathe akamgeukia Eliezeri. Alikuwa ameisahau kabisa ile namba. Uwanja mzima ukaanza kupekua kurasa, na Abdulmalik, asiyejua lolote, akafumba macho akaanza kulia kwa saksafoni.

Alipiga kwa uchungu hasa. Alivuta milio mirefu iliyopinda mwishoni, na mama mmoja akaanza kutafuta leso. Rogathe alisikiliza akiwa ameikunja mikono mapajani. Ilikuwa kazi nzuri, ya mtu aliyejitahidi. Na haikuwa yenyewe. Alimsikia Abdulmalik anapita nje ya ule mlio, anauzunguka, anaugusa ukuta na kuondoka, na akajua kwamba leo ndiyo mwisho, hataujua tena.

"Mia tisa iko wapi?" Priska alimnong'oneza jirani yake, na mnong'ono wa Priska unasikika ng'ambo ya bonde. "Changu kimechanika?"

"Hata changu hakina, mama."

"Angalieni cha mchungaji!"

Mchungaji mwenyewe alikuwa anapekua. Alifika ukurasa wa mwisho, akaugeuza aone mgongoni kama kuna kitu, akafunga kitabu, akamtazama Eliezeri. Watu wote wakamtazama Eliezeri. Naye, akiwa amesimama wima kama nguzo, akatoa amri kwa sauti ya madhabahuni:

"Endeleeni kutafuta!"

Mpiga tarumbeta mmoja ndiye aliyepasuka kwanza. Kicheko kikaruka kutoka mparachichini hadi kwa akina mama, kikazunguka uwanja, kikamkuta Abdulmalik pumzi ikiwa njiani. Alijaribu kukimeza. Mashavu yakamvimba, mabega yakatikisika, na kicheko, kilipokosa mlango mwingine, kikapita ndani ya saksafoni.

Kilitoka kwa mkoromo. Kikapanda, kikapasuka, kikaporomoka gwa, gwa, gwa, na kabla hakijafika chini kikaruka juu na kusimama huko, chembamba, kirefu, kinatetemeka kama umande kwenye jani.

Rogathe akajikuta amesimama.

Ndio wenyewe. Ndio ule wa jabalini, kila jioni, makande yakichemka. Lakini jabalini uliteremka kwake umechujwa na upepo na migomba, na leo ulikuwa hatua nne mbele yake, na kwa karibu hivyo hakuna sikio linaloweza kukosea. Zile gwa, gwa, gwa zilikuwa ha, ha, ha. Ule mwembamba wa juu ulikuwa pale mtu anapocheka mpaka sauti inamwishia, anabaki amefungua mdomo, machozi yanamtoka.

Abdulmalik hakuweza kujizuia tena. Kila alipotaka kurudi kwenye kilio, kicheko kilimvuta. Saksafoni ikabweka, ikapiga chafya, ikakimbia huku na huko kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Mpiga tarumbeta akaidaka sauti moja akaijibu. Baragumu kubwa ikaguna. Ngoma ikaingia pasipo kuulizwa. Hakuna aliyemfuata mwenzake na hakuna aliyepotea. Akina mama walipiga vigelegele wapendapo, wazee wakagonga fimbo chini, na mchungaji, bila kujijua, alikuwa anapiga kitabu chake gotini. Ilivuma hivyo kwa muda usiopimika, kisha ikaisha yenyewe, kama mvua.

Rogathe alikuwa amefika mbele ya Abdulmalik.

"Ndiyo hiyo," akamwambia.

"Nisamehe, mama." Alikuwa anafuta macho kwa kofia. "Nimeharibu. Nimecheka kwenye msiba wako."

"Ulikuwa unacheka?"

"Wallahi, nilikuwa nacheka, ikanitoka." Akaitazama saksafoni kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mama. Wiki mbili nzima nimeutafuta ule mlio kwa kilio, nimeukosa. Ukilia koo linabana, pumzi inakatika njiani. Ule unataka tumbo limelegea na koo liwe wazi. Mwenye uchungu hawezi kuupiga. Mimi nimeshindwa, na hii ndiyo kazi yangu."

"Unasema Zephania hakuwa analia?"

"Hata siku moja."

Kwenye ratiba kilichofuata kilikuwa neno la mjane. Rogathe alikuwa ameliandika kwenye karatasi, mistari sita ya kushukuru wote kwa ujumla wao. Aligeuka akawatazama watu, na karatasi hakuitoa.

"Mume wangu alikuwa anacheka," akasema.

Watu wakainua vichwa. Hawakuwahi kumsikia akisema kwa sauti kubwa namna ile.

"Kule juu. Jioni zote zile. Mimi nilidhani analia kwa ajili yangu, kwa kuwa sikumzalia. Miaka thelathini na moja. Nilimuuliza akaniambia halii, nikadhani ananificha." Akaelekeza kidole jabalini. "Alikuwa anatoka kazini, anapanda kule, anafurahi, anashuka anakula chakula changu. Basi. Hayo ndiyo maisha tuliyoishi."

Aliyejibu ni Priska. Aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka mbele. Yeye ni mmoja wa waliosema ya kusema zamani zile, na wote wawili waliyakumbuka. Akamshika Rogathe mkono.

"Alikuwa anakucheka wewe, wifi," akasema, na bonde zima likasikia. "Unavyokimbizana na mbuzi! Kule juu anaona kila kitu!"

Rogathe alifungua mdomo ajibu. Kilichotoka kilianzia kooni kwa mkoromo, kikapanda, kikampasukia mikononi mwa wifi yake, na akina mama wakakimbilia kuwashika wote wawili wasianguke.

"Mwanangu, piga tena," akasema alipopata pumzi. "Na safari hii usijizuie."

Abdulmalik akaipeleka saksafoni mdomoni, akaitoa, akaipeleka tena. Ilimchukua muda, maana kwa kicheko midomo ilikuwa bado haijakubali kufumba.